Kukosea kwa Makusudi

Wadogo zangu, nina miaka ishirini na sita na nimestaafu. Chekeni tu. Mama yangu alicheka mpaka akaiweka chini sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Akasema mstaafu ni mtu mwenye mvi na fimbo, na mimi hata kikohozi cha wazee sijakipata. Lakini kazi niliyoifanya miaka mitatu imekwisha, sina nia ya kuianza tena, na neno lingine la hali hiyo silijui. Nilikuwa mwalimu wa nyumbani. Mwalimu wa mtoto mmoja.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza sekondari hapa Butembo na kule Beni, mnaotembea na diploma ndani ya plastiki ili mvua isiilowanishe. Siku moja jirani atawaambia kuna nyumba inatafuta mtu wa kufundisha mtoto, na mtajibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Mimi nilijibu hivyo. Ualimu sikuusomea, nilisomea biashara. Nilichokijua juu ya watoto ni kwamba wanachafua vitu. Mengine yote niliyaokota mwenyewe, kwa kusoma chochote kilichofunguka kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, na kwa kukosea mbele ya mtu wa miaka saba ambaye hakusahau kosa hata moja.

Mtu huyo anaitwa Zaina. Baba yake ni msafirishaji; malori yake hushuka Beni kuchukua kakao, na huenda Manguredjipa siku ambazo tope limekubali. Nyumba yao iko upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, na ndege ikitua mwalimu unafunga mdomo na kungoja kama unangoja mvua ipite. Ni nyumba ya Waislamu. Mimi ni Mkatoliki, tena wa kwaya, jambo ambalo litanitia aibu baada ya kurasa chache.

Zaina ana drepano, ule ugonjwa wa damu unaoumiza mifupa. Baridi ikimwingia, au akichoka sana, analala siku nzima na maumivu, na Butembo yetu mnaijua kwa baridi. Alikuwa ameanza shule kama wengine. Akaugua, akarudi darasani, akaugua tena, mpaka baba yake akasema basi, akae nyumbani, mwalimu aje. Zaina hakuulizwa. Siku ya kwanza nilimkuta ameketi mlangoni anawaangalia watoto wa sare ya bluu na nyeupe wakipita barabarani. Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Ni weye njo mwalimu?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Basi unifundishe mbiombio. Miye nataka kurudia ku masomo."

Alitaka kurudi shuleni. Hicho ndicho alichokitaka tangu dakika ya kwanza, na hakukibadilisha hata siku moja. Maana yake niliajiriwa ili mtoto asinihitaji tena. Jambo rahisi kama hilo lilinichukua miaka mitatu kulielewa, na bado najiona mwenye akili.

Nianze na vitabu, kwa kuwa vitabu ndivyo nilivyovipenda kupita kiasi. Nilivipata sokoni, kwa mama mmoja anayefungua balo, yale marobota ya nguo za mtumba. Katikati ya makoti na suruali huwa kunajificha vitabu vya picha vya watoto, sijui nani huviweka, na yeye alikuwa akivitumia kuwashia moto. Nikaviokoa. Nikavifuta ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikavifunika kwa plastiki, nikavipanga kwa urefu. Kisha nikamwekea Zaina sheria: kabla ya kugusa kitabu, nawa mikono.

Aligusa kitabu, akanawa. Akajikuna pua, nikamwambia anawe tena. Akashika nywele, akanawa. Siku ya tatu Mama Zaina akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu, uko namufundisha kusoma ao kufua?"

"Ni usafi tu, Mama."

"Usafi ya maji ya baridi? Huyu? Unajua mifupa yake, weye?"

Sikuwa nimefikiria. Niliona tu alama za vidole juu ya plastiki yangu. Mama Zaina alileta beseni la maji ya moto, akaosha mikono ya mtoto mwenyewe, kisha akachukua kitabu changu kizuri kuliko vyote na kumpa Zaina na andazi juu yake. Nililitazama lile andazi kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Leo nawaambia: kitabu cha mtoto kisicho na alama ya mafuta hakijasomwa. Na kama mtoto ni mgonjwa, ulizeni mama yake kila kitu kwanza, hata lile mnaloona ni la kijinga kuuliza.

Sasa, vitabu vya balo vina shida moja. Hatukujua vimeandikwa lugha gani. Haikuwa Kifaransa wala lugha yoyote niliyowahi kuiona. Ilikuwa na nukta juu ya herufi, kama nzi waliotua. Mtu mwenye moyo wa kawaida angesema, "Zaina, hii lugha siijui, tuangalie picha." Mimi moyo wa kawaida sina. Niliogopa mtoto ataniona mjinga, basi nikafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti ya mtu anayejua, huku natunga.

Picha ilikuwa ya mama mnene na bata wake wamesimama katika mji mweupe, na kitu cheupe kimefunika paa, miti na barabara.

"Ile nyeupe ni nini?" Zaina akauliza.

Nilishtuka. "Chumvi," nikasema.

Basi ikawa mji wa chumvi. Chumvi inaanguka kutoka mawinguni, hakuna anayeinunua, ng'ombe wanalamba barabara, na mama mnene hawezi kuoka mkate usiokuwa na chumvi mpaka analia. Zaina aliipenda sana. Kesho yake akaitaka tena. Nilikuwa nimeshasahau nusu yake. Niliposema bata anaitwa Fulani, akanishika mkono.

"Jana haikukuwa hivyo. Jana bata haikukuwa na jina."

"Labda nilisoma vibaya jana."

"Somea tena pale. Onyesha kidole."

Nikaonyesha kidole. Kidole changu kilitembea juu ya maneno yale yenye nzi, jasho linanitoka katika baridi ya Butembo. Baada ya wiki moja alikuwa anaijua hadithi nzima kuliko mimi, na akawa ananisahihisha neno kwa neno. Baba yake, aliyewahi kwenda mbali kununua mali, alipita, akaona picha, akasema, "Ah, hii ni neige. Inaangukaka ku bulaya." Theluji! Nikataka ardhi inimeze. Zaina akamjibu bila kuinua kichwa:

"Papa, hiyo ni chumvi. Mwalimu alisoma."

Jioni hiyo niliungama. Nilimwambia kwamba lugha ile siijui na kwamba nilitunga yote. Nilitegemea alie au amwite mama yake. Yeye akanipa kitabu kingine ambacho hatukuwa tumekifungua. "Basi na hii tutunge sote," akasema. Kuanzia siku hiyo tulitunga vyote, zamu kwa zamu, ukurasa wangu, ukurasa wake, na kurasa zake ndizo zilizokuwa na watu wengi: umati wa watu sokoni, watoto darasani, arusi ambazo hakuna mtu aliyebaki nyumbani. Kuhusu kusoma kwenyewe, tulisoma Kifaransa katika kitabu cha shule na Kiswahili popote kilipoandikwa: juu ya magunia, juu ya malori, juu ya kuta. Lakini hamu ya kugeuza ukurasa ilitoka katika mji wa chumvi. Siwezi kuwaahidi kwamba njia hii iko katika kitabu chochote cha ualimu.

Kuchora ndiko nilikoharibu zaidi. Hatukuwa na rangi za duka. Tulikuwa na makaa ya jikoni, vipande vya matofali mekundu, majani yanayotoa kijani ukiyasugua, na karatasi ya mifuko ya saruji, ambayo ni karatasi nzuri kama mtaikung'uta vizuri nje, mbali na pua ya mtoto. Hayo yote nilifanya vema. Kosa lilikuwa gomu. Nilikuwa na kifutio kipya cheupe, na kilikuwa hakipumziki mkononi mwangu.

Zaina alichora lori la baba yake. Alilichora na magurudumu manne, yote yanaonekana, mawili chini na mawili yamepanda juu kidogo. Nikamwambia kwa upole wa mwalimu, ule upole unaoumiza, kwamba ukisimama kando ya gari unaona magurudumu mawili tu. Nikafuta mawili.

Akaitazama karatasi. "Na zile zingine banaiba?"

"Hapana, ziko upande wa pili."

"Chora basi ule upande ya pili."

Kambale, dereva wa lori lenyewe, alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwetu anakula muhogo. Akasogea kuangalia.

"Mwalimu, gari ya magurudumu mbili, hiyo ni pikipiki. Patron akiona atanilipisha."

"Kambale, ni jinsi jicho linavyoona."

"Jicho yako. Miye nikiamuka asubui, naangaliaka zote ine. Nikiangalia mbili tu, tutalala ku Manguredjipa."

Nilimweleza habari ya mtazamo, niliyokuwa nimeisoma kwenye simu, nikitumia vidole na penseli. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akamuuliza Zaina mbona hakuchora gurudumu la akiba. Zaina akachora la tano. Nikakiweka kifutio mfukoni mwa koti. Kiko humo mpaka leo, maana koti lile nimelivaa sana na sijawahi kukitupa. Ugonjwa huu wa kufuta haunitoki, naushikilia tu usitoke nje. Kanuni niliyoipata ni hii: kabla ya kusahihisha mchoro wa mtoto, muulize anaeleza nini. Mara nyingi anaeleza anachokijua, na wewe unamwomba akufiche nusu yake.

Muziki. Hapa ndipo kwaya inaingia.

Nyimbo nilizozijua zote zilikuwa za misa. Kuzifundisha katika nyumba ya Waislamu bila kuuliza niliona si adabu. Kuuliza niliogopa. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu mwoga mwenye bidii hufanya: nikachukua wimbo wa kutoa sadaka, nikatoa maneno yake yote matakatifu, nikaweka mboga. Tunaleta kabichi, tunaleta karoti, tunaleta viazi vya Lubero. Nilijisifu kimoyomoyo. Nilihesabu mapigo kwa kijiti, nikamrudisha Zaina mwanzo kila alipopanda sauti nusu hatua, mpaka akauimba vizuri kabisa.

Ijumaa mchana Zaina aliuimba uani. Kambale alikuwa chini ya lori anabadilisha mafuta, haoni mtu, amezungukwa na chuma. Sauti ikamfikia. Sasa, Kambale ni Mkatoliki tangu kubatizwa, na wimbo ule ameusikia kila Jumapili ya maisha yake. Mdomo wake ulifunguka kabla ya akili. Kutoka chini ya lori ikapanda sauti ya nne, nzito, ya kifua kizima, na maneno yale ya kweli, yote, na majina yote ya mbinguni. Wakati huohuo Papa Zaina akaingia getini na wageni watatu waliotoka kusali naye msikitini, wamevaa kanzu safi.

Wakasimama. Zaina akaendelea na karoti. Kambale akaendelea na mbingu.

"Kambale," Papa Zaina akasema wimbo ulipokwisha, "unafungua parokia ku nyumba yangu?"

Kichwa cha Kambale kilitokea chini ya lori, cheusi kwa mafuta. "Patron, ni mwalimu. Miye nilikuwa nafanya kazi."

Wageni walicheka, Mungu awabariki. Papa Zaina hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliniambia tu, "Mwalimu, ungeuliza. Hii nyumba iko na nyimbo yake." Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Zaina, uko na nyimbo mingapi, weye?"

Mama Zaina akasema, "Nani aliniulizaka?"

Miezi yote ile nilikuwa nimekaa mita chache kutoka kwa mwanamke ambaye kule Beni alikuwa akiitwa arusi hadi arusi kupiga dufu na kuongoza wanawake wengine. Alikwenda chumbani, akarudi na dufu lililokuwa limelala juu ya kabati, akaipasha moto ngozi yake karibu na jiko ili ikaze, akaimba. Zaina hakuwa amewahi kumsikia mama yake hivyo. Mimi kijiti changu nikakiweka chini. Kuanzia hapo somo la muziki lilikuwa lake. Kazi yangu ilikuwa kupiga makofi, na hata hayo aliniambia nichelewe kidogo kwa sababu ninakimbia. Basi, wadogo zangu, mkifika nyumba ya watu ulizeni kwanza nyumba inaimba nini. Kila nyumba inaimba kitu. Na yaaminini masikio ya mtoto: Zaina, aliyeshindwa na do-re-mi zangu, alikuwa akijua kila lori la baba yake kwa mlio wake likiwa bado linapanda kilima, na akisema "ni ya Kambale, na iko na muzigo", ilikuwa ya Kambale, na ilikuwa na mzigo.

Sijawaambia bado juu ya siku za mifupa, na sitaki mwende kazini bila kuzijua.

Siku hizo unafika na somo lako umelipanga, na mama anakupokea mlangoni kwa sauti ya chini: "Leo mifupa inamuuma." Ya kwanza kunikuta nilikuwa na somo la vitenzi, zuri, lenye rangi tatu. Zaina alikuwa chini ya mablanketi, chupa ya maji ya moto magotini, macho amefumba, anapumua kama mtu anayehesabu. Nilisimama na vitenzi vyangu. Mama yake akanisogezea kiti. Kwa kuwa sikujua mikono yangu niiweke wapi, nikafungua mji wa chumvi na kuanza kusoma, na kwa hofu nikasema mama mnene alikwenda kununua sukari.

Kutoka chini ya blanketi: "Chumvi."

"Pole. Chumvi."

Nikaendelea. Nikageuza ukurasa. Kisha akasema, "Yaya, kosea tena."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Yaya, dada mkubwa. Nikakosea tena. Nikasema bata alikuwa mbuzi. "Bata." Nikasema jua lilianguka. "Chumvi." Kila alipokamata kosa, mkono mmoja ulitoka kidogo nje ya blanketi. Kurasa chache baadaye akafungua jicho moja.

"Ile umepanga. Kosea ya kweli."

Mnaelewa aibu yangu? Maisha yangu yote nimekuwa naandika barua mara nne kabla ya kuituma, nahesabu hatua za ngazi, narudi nyumbani kuhakikisha nimefunga mlango niliokwisha kuufunga. Na hapa mtoto mwenye maumivu ananiomba kitu kimoja tu, kosa la kweli, na nimekosa namna ya kukosea. Nilijaribu kusoma haraka. Nilijaribu kufumba macho. Mwishowe nilimwambia Mama Zaina achague maneno na mimi niyaingize popote, na yeye akachagua maneno ya ajabu, tairi, shemeji, sabuni, nasi wote wawili tukapotea kabisa katika hadithi, na Zaina akaturudisha njiani akiwa amelala chali, ukurasa kwa ukurasa, mpaka maumivu yalipompa nafasi akasinzia. Siku za mifupa msifundishe. Someni, imbeni polepole, koseeni. Dawa ni za daktari. Lakini saa ni ndefu, na mtu mwenye kazi ya kukusahihisha hana nafasi ya kuhesabu pumzi.

Sasa mnadhani baada ya hapo nilipona. Hapana.

Mwaka wa tatu, nilikwenda kwa mkuu wa shule ya jirani, Mama Directrice tunavyomwita. Alikubali: Zaina aje asome ukurasa, aandike imla, afanye hesabu, akiweza, ataingia darasa la nne rentrée ya Septemba, shule zikifunguliwa. Zaina aliposikia, alimkumbatia Kambale, lori, na mlango. Tukapewa siku. Siku ilipokaribia, niliona herufi zake zinaegemea kushoto. Nikaenda kuomba wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, hesabu za kugawanya hazikuwa safi, nikaomba nyingine. Shule ikafunguliwa. Watoto wa bluu na nyeupe wakaanza kupita tena, na Zaina akaketi mlangoni kama siku ile ya kwanza. Nilipomwita kwenye somo alikuja, akafanya kila nilichosema, na hakunitungia hata ukurasa mmoja.

Mama Directrice akatuma neno: nafasi anaishika mpaka Jumanne. Baada ya hapo darasa linafungwa, na mwakani Zaina atakuwa amepita umri wa kuanzishwa hapo. Papa Zaina akaniita sebuleni.

"Mwalimu, mutoto aliniambia kitu. Anasema masomo inamutaka. Anasema weye njo unakatala."

"Hapana, Papa. Bado hajawa tayari. Kama ataanguka mtihani..."

"Nani ataanguka?"

Alijua, nami nilijua. Nilikuwa nikijiona mimi mbele ya Mama Directrice, na herufi zinazoegemea kushoto zilikuwa zangu.

"Unaona magari yangu," akasema. "Iko moja yenye haina kasoro? Nikingoja gari ikuwe muzuri kabisa mbele itoke, kakao ya batu itaozea ku Beni. Gari inatokaka na ugonjwa yake. Kambale anajua ugonjwa yake, njo maana anafikaka."

Jumanne mvua ilinyesha. Kambale alitupeleka. Mama Zaina alimvika mtoto sweta mbili na kofia, akabeba maji ya vuguvugu. Mimi nilibeba kila kitu kingine: kalamu nne, karatasi, michoro, kama vile naenda kutetea kesi. Mama Directrice alimchukua mtoto na kunifungia mlango usoni, kwa heshima. Tukaketi kwenye benchi la barazani. Kupitia dirishani nilimsikia Zaina akisoma Kifaransa, polepole, vizuri, halafu akanyamaza katikati ya sentensi. Nikasimama. Mama Zaina akanivuta sketi.

"Kaa."

"Amekwama."

"Kaa, Mwalimu. Anapumua."

Alikuwa anapumua. Akaendelea.

Mama Directrice alipotoka, alikuwa ameshika karatasi ya imla, na kutoka nilipokuwa niliona wino mwekundu. "Kusoma, anasoma muzuri," akasema. "Dictée, hapana. Calcul ni nusu. Quatrième haitawezekana. Nitamutia ku troisième."

La tatu. Darasa moja chini ya tulilolitaka. Miaka mitatu yangu ikaanguka yote sakafuni pamoja na kalamu. Nikaanza kusema, sikumbuki vizuri, kwamba kosa ni langu, kwamba herufi zile ni za mvua, kwamba apewe siku nyingine, wiki moja tu, siku tatu. Nilimwonyesha michoro. Nilimwonyesha, Mungu anisamehe, lori la magurudumu matano. Zaina akanishika kiwiko.

"Yaya, nyamaza." Akamgeukia Mama Directrice. "Troisième iko na batoto bengi?"

"Bengi sana. Ata benchi hazitoshe. Utabanana."

"Nitabanana," Zaina akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba kutakuwa na arusi.

Akaandikishwa. Mama yake akabaki na Mama Directrice kupanga mambo yenye maana: sweta juu ya sare, maji karibu, asiwekwe chini ya dirisha, na siku za mifupa asihesabiwe mtoro. Mimi niliokota kalamu.

Siku yake ya kwanza darasani, saa mbili asubuhi, nilikuwa getini kwao kama kawaida. Miguu ilinileta. Mama Zaina akafungua.

"Mwalimu, mutoto iko ku masomo."

"Najua."

"Basi ingia. Na miye sijue nifanye nini."

Tukanywa chai. Akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Nikapanga vitabu kwa urefu, akaniangalia, nikaviacha. Ndege ikatua na kwa mara ya kwanza hakukuwa na somo la kusimamisha. Muda mrefu kabla ya saa sita tulikuwa tumesimama barabarani, tumejifanya tunatafuta nyanya za kununua, kila mmoja anamsukuma mwenzake nyuma ili asionekane kwanza.

Watoto wakatokea. Wa kwanza walipita mbio, kama maji. Nikatafuta. Mama Zaina akanishika mkono. Wakapita wa pili, wa tatu. Kisha, nyuma ya wote, kikaja kikundi kilichotembea taratibu mno, kama watu wanaosindikiza kitu, na katikati yake kofia ya Zaina. Alikuwa anatembea mwendo wake, ule ambao mifupa yake inauruhusu, na wenzake wote walikuwa wamepunguza hatua ili wasipitwe na neno, kwa sababu alikuwa anawatungia hadithi. Mmoja alimbebea begi. Mwingine alitembea kinyumenyume ili amwone usoni. Hadithi yenyewe sikuijua. Hakuna ukurasa wake tuliowahi kuugeuza pamoja.

Alituona. Akainua kiganja: ngojeni, bado haijaisha.

Tukangoja. Walipotufikia na kutupita, nilimsikia akimsemesha mfalme fulani wa hadithi kwa Kifaransa, na Kifaransa hicho kilikuwa na kosa, kubwa, lile lile tulilolifanyia kazi miezi miwili. Nilifungua mdomo. Mama Zaina akanifinya mkono. Nikaufunga.